Usukani unaocheza: kutoka vumbi la Kiwangwa mpaka lami

Leo naomba tuwaache waheshimiwa wapumzike kidogo, tupande gari twende Kiwangwa. Mananasi tutanunua wakati wa kurudi, msiwe na wasiwasi. Safari hii ni ya kuangalia kitu ambacho wengi wetu tunaoendesha vigari vya miaka ya tisini hatujawahi kuinama uvunguni tukakiona: kiungo cha usukani. Ni kipande cha chuma kinachoenea kwenye kiganja, chenye kichwa cha mviringo kama gololi kilichofungiwa ndani ya kikombe chake. Mafundi wetu wanakiita tairodi endi. Kikikatika ukiwa mwendo kasi, unabaki umeshika duara la plastiki lisilokuwa na amri juu ya tairi.

Kwa nini Kiwangwa? Kwa sababu barabara yake inasimulia habari hii vizuri kuliko mtaa wowote wa Dar es Salaam. Kata hii ya Wilaya ya Bagamoyo iko kwenye njia inayotoka Makofia kwenda Msata. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa ya udongo: kiangazi vumbi na makorongo, masika tope. Mananasi yakatoka huko kwa pikapu na malori yanayoyumba kama majahazi. Miaka ya 2010 barabara ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, ikawekwa lami. Leo magari yanayotoka Dar kwenda Tanga, Moshi na Arusha yanapita hapo bila kuzunguka Chalinze, na yanapita yakiwa na haraka.

Hoja yangu ni hii. Barabara mbovu ilikuwa fundi wa kwanza wa gari, kwa sababu ilikuwa inasema. Kiungo kilicholegea kiligonga kila korongo, dereva akasikia, na kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa alikuwa na muda wa kusimama. Lami imenyamazisha ule mlio. Gari ni lile lile, kiungo ni kile kile, tabia yetu ya kukarabati ni ile ile ya miaka ya uhaba, ila mwendo umekuwa mara tatu. Ili tuelewe tumefikaje hapo, turudi nyuma kidogo.

Kiungo kilitoka wapi?

Mkokoteni wa zamani ulikuwa na ekseli moja ya mbele, mti mmoja uliozunguka wote kwa pamoja ukikata kona. Haukuhitaji viungo vingi, lakini ulikuwa rahisi kupinduka. Mwaka 1817 mtengenezaji wa magari ya farasi huko Munich, Georg Lankensperger, alibuni mfumo ambao kila gurudumu la mbele linageuka kwenye egemeo lake lenyewe, na yote mawili yanaunganishwa kwa fimbo. Wakala wake jijini London, Rudolph Ackermann, akausajili mwaka 1818, na hadi leo dunia inauita kwa jina la wakala. (Mbuni anasahaulika, mwenye karatasi anakumbukwa. Waandishi wenzangu tunalijua hilo.)

Faida yake ni kwamba kwenye kona gurudumu la ndani linaweza kukunja zaidi kuliko la nje, kwa hiyo tairi haziburuzwi. Gharama yake ni viungo. Kila mahali ambapo fimbo inakutana na gurudumu panahitaji kitu kinachoshika kwa nguvu na wakati huo huo kinaruhusu kuzunguka. Kitu cha namna hiyo lazima kilike, hakuna ujanja.

Magari ya mwanzo yaliongozwa kwa mti kama usukani wa mtumbwi. Mwaka 1894, katika mashindano ya kutoka Paris kwenda Rouen, Mfaransa Alfred Vacheron aliingia na gari aina ya Panhard lenye duara badala ya mti. Ndani ya miaka michache duara likashinda. Sisi Waswahili tukalipa jina la kifaa cha chombo cha baharini, usukani, na jina hilo linafaa sana. Nahodha yeyote wa Bagamoyo angekuambia kwamba chombo chenye usukani uliolegea hakitoki bandarini.

Gari linafika pwani

Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya kwanza ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891 yalipohamishiwa Dar es Salaam. Mji huo ulijengwa na miguu ya watu. Wapagazi walibeba mizigo vichwani na mabegani kutoka bara, kwa sababu mbung'o waliua ng'ombe na punda ambao kwingine walivuta mikokoteni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nchi yetu ilitoka moja kwa moja kwenye kichwa cha mpagazi ikaingia kwenye injini, bila kupitia karne za mikokoteni. Mafundi wa magurudumu hatukuwarithi, ilibidi tuwazae wenyewe.

Tarehe 10 Agosti 1907 luteni Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, akilenga pwani ya pili ya Afrika. Alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi 21! Ndiye anayehesabiwa kuwa mtu wa kwanza kulivuka bara hili kwa gari. Ukitaka kujua barabara zilikuwaje, hesabu hiyo inatosha.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia tukazoea kupita kushoto, na usukani ukakaa kulia. Likumbukeni hilo, tutalirudia, maana miaka ya baadaye ndilo liliamua magari yetu yatoke wapi.

Land Rover na vichwa sita

Land Rover ilizaliwa Uingereza mwaka 1948, na kwa miongo kadhaa ndiyo ilikuwa gari la bwana shamba, la hospitali ya misheni, la polisi na la mkuu wa wilaya. Wazee wanaikumbuka 109 kwa upendo. Usukani wake ulipitia njia ndefu: boksi la stelingi, fimbo ya kwanza, chombo cha katikati kilichofungwa kwenye chasisi, fimbo ya pili, halafu fimbo ndefu ya kuunganisha tairi mbili. Fimbo tatu, kila moja ina kichwa cha gololi huku na huku. Jumla vichwa sita.

Kila kichwa kikiongeza nafasi ya unywele tu, dereva anaisikia ya vichwa vyote sita kwa pamoja. Ndiyo maana dereva wa 109 iliyozeeka alikuwa anazungusha usukani kushoto kulia muda wote, kama mwanamuziki, huku gari likienda moja kwa moja. Abiria wa mjini alidhani ni mbwembwe. Dereva alikuwa kazini, anatafuta tairi ziko wapi.

Peugeot 404, na baadaye 504, zilikuja na mpango mfupi zaidi: jino dogo linalosukuma reki iliyolala, na reki inavuta tairi moja kwa moja. Viungo vikapungua. Sifa zao zilijengwa kwenye mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba tu, na mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Miaka yote miwili 404 ilishinda. Katikati yake, 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, naye akiwa na 404. Mashindano yale yalimfundisha mtu wa kawaida somo moja: barabara ya udongo haimshindi mwenye injini dhaifu tu, inavunja hata wenye nguvu, na inaanzia chini.

Miaka ya kubangaiza

Halafu ikaja miaka ambayo wazazi wetu hawapendi kuisimulia. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita ya Kagera ikapiganwa 1978 hadi 1979, na mafuta yakapanda tena. Fedha za kigeni zikawa adimu. Uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, na kipuri kilisubiri kibali, kibali kikasubiri dola, dola ikasubiri pamba na kahawa ziuzwe. Magari mengi yakakaa juu ya mawe.

Hapo ndipo fundi wa Kitanzania alipopata shahada yake. Bushi zikakatwa kutoka kwenye tairi chakavu. Vipuri vikachongwa kwenye mashine za Gerezani. Gari moja bovu likafa ili matatu yaishi. Sabuni ikaziba tangi linalovuja. Mimi naliheshimu kundi lile la mafundi kuliko maprofesa wengi, kwa sababu waliliendesha taifa kwa waya na raba.

Lakini ubunifu ule ulipofika kwenye usukani ukagusa mahali pa hatari. Kikombe cha gololi kikilegea, fundi alikigonga kwa nyundo kibane, au akaweka kipande cha bati la kopo ndani, au akachomelea. Usukani ukawa mgumu tena, mteja akafurahi. Tatizo ni kwamba chuma cha kiungo hupewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Ukikichomelea, unaharibu kipimo hicho. Kinaweza kuwa kigumu lakini chepesi kukatika, kama biskuti. Grisi iliyomo inaungua, na raba inayozuia vumbi inayeyuka. Kiungo kilichochakaa chenyewe kwa kawaida hukupa dalili kwa wiki au miezi, lakini kilichochomelewa kinaweza kukatika bila hodi.

Kwa wakati ule unaweza kumwelewa fundi. Hakuwa na kingine cha kufunga, na gari lilikuwa linakwenda taratibu kwenye makorongo. Lawama nailaza kwetu sisi tuliokuja baadaye.

Milango inafunguliwa, tabia inabaki

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu mwenye fedha zake nje aagize bidhaa bila kuulizwa sana kazipata wapi, na pikapu zikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kuonekana. Mzee Mwinyi akaingia Ikulu Novemba 1985, mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na miaka ya tisini maduka ya kubadilisha fedha yakafunguliwa. Sasa likumbuke lile la usukani wa kulia. Japani nao wanapita kushoto. Gari lililochokwa Nagoya au Yokohama linashuka bandari ya Dar es Salaam na kuingia barabarani bila kubadilishwa chochote. Corolla, Mark II, Hiace za daladala, Noah... mtaa mzima ukaongea Kijapani.

Vipuri navyo vikajaa. Kariakoo na Ilala leo unapata kiungo cha usukani cha gari la miaka ishirini iliyopita ndani ya saa moja. Kwa hiyo ule uhaba uliomlazimisha fundi kuchomelea haupo tena. Lakini nenda kwenye gereji bubu yoyote, chini ya mwembe wowote, utasikia mazungumzo haya:

"Bosi, tairodi imekwisha hii. Tubadilishe?"
"Shilingi ngapi, fundi?"
"Mpya zipo, mtumba ipo."
"Mwezi huu mbaya kaka. Ibane bane kwanza, nitakuja mwisho wa mwezi."

Fundi amesema ukweli. Aliyeomba kubaniwa ni mwenye gari, mwenye shahada na simu ya bei mbaya kuliko kipuri anachokikwepa. Uhaba uliondoka madukani ukahamia kwenye hesabu zetu. Tunabadilisha redio, tunaweka rimu zinazong'aa, na kiungo kinaambiwa kisubiri mwisho wa mwezi.

Kuna na jingine jipya ambalo wazee hawakulijua: kipuri feki. Wao walikosa kipuri, sisi tunauziwa kinachofanana nacho. Tume ya Ushindani, FCC kwa wengi, imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa bandia za kila aina, lakini haiwezi kusimama kwenye kila kaunta. Kwa usukani, mimi naona kipuri kipya cha kampuni inayojulikana ni bora kuliko cha mtumba, maana cha mtumba hujui kimebakiza maisha kiasi gani. Taa ya mtumba sawa, mlango wa mtumba sawa. Kiungo hapana.

Jinsi ya kuusikia ugonjwa kwenye lami

Kwa kuwa barabara imenyamaza, itabidi tuulize wenyewe. Dalili zipo: gari linavuta upande au linatangatanga hata ukishika usukani sawa, usukani unatetemeka kwenye kasi fulani, tairi ya mbele inaliwa upande mmoja, au unasikia "kgong" ukipanda tuta ukiwa umekunja kona. Mambo haya yanaweza kusababishwa na vitu vingine pia, kama upepo wa tairi au balansi, kwa hiyo usimwambie fundi "badilisha tairodi" kabla hajapima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji jeki. Gari likiwa chini, tairi zimenyooka, injini inaunguruma kama lina pawa stelingi, mtu mmoja acheze usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Mwingine ainame pembeni, asiingie chini ya gari, aangalie na aguse kila kiungo anachoweza kukifikia. Fimbo ikisogea huku kichwa cha kiungo kikichelewa kuifuata, mgonjwa amepatikana.

Kipimo cha pili ni cha jeki, kwenye sehemu tambarare, na tairi za nyuma zimewekewa kabari. Usiiamini jeki peke yake, weka stendi. Shika tairi kwa mikono miwili, kushoto na kulia, itikise. Ikicheza, shuku tairodi endi au reki. Kisha ishike juu na chini. Ikicheza hapo, shuku beringi au boljointi. Mwambie mwenzako akanyage breki: mchezo ukipotea, ni beringi, ukibaki, ni boljointi, au pini za egemeo kwa magari ya zamani kama 109. Angalia na raba ya kuzuia vumbi. Ikichanika, grisi inatoka na mchanga wa pwani unaingia, na mchanga ndani ya kiungo ni msasa.

Kubadilisha si uchawi. Fundi anachomoa pini ya kufuli, anafungua nati, anatenganisha koni kwa pula. Akianza kupiga nyundo kwenye nyuzi, mzuie. Kabla ya kukifungua kiungo cha zamani kutoka kwenye fimbo, ahesabu mizunguko, ili kipya kiingie kwa idadi ile ile. Awe makini, fimbo nyingi zina nyuzi za kawaida upande mmoja na za kinyume upande wa pili. Nati ikazwe kwa kipimo, na pini ya kufuli iwe mpya. Ile ya zamani iliyonyooshwa kwa koleo ni akiba ya senti inayolinda maisha, sijui hesabu hiyo nani aliipiga. Kama upande mmoja umekwisha, wa pili mara nyingi hauko mbali, kwa hiyo ni busara kubadilisha jozi.

Mwisho, nenda ukapimishe wili alaimenti. Kuhesabu mizunguko kunakufikisha kwenye mashine salama, lakini hakuchukui nafasi ya mashine. Milimita chache za tofauti zinatosha kula tairi mpya kabla ya wakati wake.

Hesabu ya Kiwangwa

Gari likienda kilomita 30 kwa saa linasafiri mita 8 na kidogo kwa sekunde. Kwa kilomita 90 linasafiri mita 25. Na nguvu ya kugonga haiongezeki mara tatu, inaongezeka mara tisa. Sasa rudisha mawazo kwenye ile barabara. Kiungo kikikatika enzi za vumbi, pikapu iliingia kwenye majani, mananasi yakamwagika, watu wakacheka na kusukuma. Kikikatika leo, hizo mita 25 za sekunde ya kwanza zinaweza kuishia kwenye basi linalokuja, au kwenye meza ya mama anayeuza mananasi kando ya lami. Yule mama hakuwahi kuulizwa kama tubane au tubadilishe.

Tumezoea kudai barabara nzuri kwa serikali, na tunayo haki ya kudai. Barabara ikishakuwa nzuri inatudai na sisi. Lami ya Kiwangwa ilijengwa kwa fedha nyingi ili tufike haraka, na haikuahidi kubeba magari yaliyofungwa kwa akili ya mwaka 1981. Fundi wa zama zile alibana kwa sababu hakuwa na jinsi. Sisi jinsi tunayo, iko Kariakoo, kaunta ya tatu kushoto.

Wikiendi hii kabla hujaosha gari, tafuta mtu akuchezeshee usukani, wewe uiname uangalie. Dakika tano tu. Wadau wenye wazee waliowahi kuendesha 109 au 404 njia za Bagamoyo na Msata, waulizeni walibana nini na kwa kitu gani, mniletee simulizi. Historia hiyo haimo kwenye vitabu, imo kwenye mikono yao, na mikono hiyo inazeeka.

Safari njema, na mananasi msisahau.